Siku Sita Ambazo Seli Hazikulishwa

Ule ulikuwa mwaka wa viazi. Sisemi viazi vya chipsi na kuku kando. Nasema viazi asubuhi na chai, viazi mchana na kabichi isiyoona mafuta, viazi jioni vimepondwa na majani ya malenge, mpaka wajukuu wangu wakawa wanaanza kulia wakiona tu sufuria imewekwa jikoni. Unga ulikuwa umepotea madukani Nakuru. Kwetu Dundori malori ya kwenda Nairobi hayakupanda wala hayakushuka, magunia yakakaa kando ya barabara yakachipuka, na maziwa yaliyokosa mnunuzi tukawamwagia mbwa. Mbwa wa Dundori hawajawahi kunenepa vile, tangu hapo hadi leo. Krismasi tulikula mbuzi na chapati, kura ikapigwa, vurugu zikazuka, barabara zikafungwa, na kuanzia hapo ni viazi mpaka mvua ndefu. Mtu mwingine wa umri wangu atawaambia ilikuwa elfu mbili na saba kuingia na nane. Mimi nasema mwaka wa viazi, na nikiukumbuka damu inachemka.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi ya maabara na koti jeupe lililopigwa pasi. Mimi nimesoma hadi darasa la nne. Sioni haya kulisema, na anayetaka kucheka acheke akiwa amekaa chini asianguke. Mjukuu wangu Njeri ana digrii, na karo yake ilitoka kwa mikono hii iliyoosha chupa miaka ishirini na minne. Yeye ndiye amenisukuma niandike. Nimemruhusu anirekebishie herufi. Maneno asiguse.

Nilifanya kazi katika maabara ya magonjwa ya mifugo, pembeni mwa mji wa Nakuru. Jina lake siandiki, halina maana. Waliniita Mama Chupa. Niliingia kama mfagiaji, nikapelekwa chumba cha kuosha, na bwana wa chumba kile alikuwa Mzee Harbans, Kalasinga aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, mkubwa wa mafundi wote wa maabara. Kilemba chake kilikuwa kimefungwa sawa kila siku ya Mungu, hata siku maji yalipokatika na sisi wengine tukawa tunanuka.

Wiki yangu ya kwanza nilitaka kumwonyesha mimi ni nani. Niliosha chupa kwa sabuni ya unga mpaka zikang'aa kama macho ya bibi harusi. Siku mbili baadaye kila kitu kilichowekwa ndani ya chupa zile kilikufa. Mzee Harbans akaniita.

"Mama, nani alikufundisha kuosha?"

"Mama yangu."

"Mama yako alikuwa anaosha sufuria. Hii hapana sufuria." Akatia maji safi ndani ya chupa mojawapo, akafunga, akatikisa. Povu jembamba likapanda. "Unaona? Iko sabuni. Seli anakunywa sabuni, anakufa. Wewe ukipewa chai ya sabuni utaishi?"

Basi shikeni hii kabla hamjashika kitu kingine: maji ya bomba mara saba, halafu yale maji yaliyosafishwa na mtambo mara tatu. Saba ni saba. Nimewaona wasichana wa diploma wakisuuza mara nne huku wanachati na simu, halafu wanashangaa seli zimekufa, wanalaumu kampuni iliyouza dawa.

Seli ni nini? Mimi nilielezwa hivi, na nikaelewa kuliko wengi. Unachukua figo la ndama, unalikatakata mpaka likawa vipande visivyoonekana kwa jicho, unaviweka ndani ya chupa na supu yake. Vinashika chini ya chupa, vinatandazika kama ukoko wa ugali, na viko hai. Vinakula. Supu yenyewe ni ya rangi ya waridi, na hapo ndipo jicho lako litafanya kazi. Ikiwa waridi, seli zimeshiba. Ikielekea chungwa, zina njaa. Ikiwa njano lakini bado unaona upande wa pili, zimekaa na njaa muda mrefu. Ikiwa njano na imechafuka kama uji, kuna mdudu ameingia, mwaga kwenye dawa, usiombe.

Nilipewa kazi ya kulisha kwa sababu ya ng'ombe. Mzee Harbans aliniona nikimimina supu bila mkono kutetemeka, akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia nakamua tangu nina miaka saba. Mkono uliokamua ng'ombe mwenye teke hautetemeki kwa sababu ya chupa. Akasema kesho niingie chumba cha seli. Msomi mmoja akalalamika kwamba mfagiaji ataharibu kazi. Mzee akamjibu, "Wewe kwanza ulishe wiki moja bila kuua, halafu wewe sema."

Na mimi niliua. Sitawaficha. Miezi kama mitatu baadaye chupa zote za upande wangu zilichafuka siku moja. Nilisafisha kabati la joto zinamokaa, nikachemsha kila kitu upya, zikachafuka tena. Mzee Harbans akaweka tone chini ya hadubini, akatazama sana, akainua kichwa.

"Mama, leo asubuhi ulipika nini?"

"Uji."

"Uji gani?"

"Wa kuchachusha. Niliuchuja kwa mkono."

Akacheka mpaka akashika ndevu. Chachu ya uji wangu ilikuwa imeshuka nami kutoka Dundori, chini ya kucha, ikaingia chumba cha seli kama mgeni aliyealikwa. Tangu siku ile sikugusa uji wa kuchachusha siku ya kazi. Miaka yote ile! Watu wa kwangu waliunywa Jumatatu na Jumanne mbele yangu, mimi nameza mate. Na nyimbo za kanisa niliacha kuimba mbele ya kabati lililo wazi, maana mate hayajui kwamba wimbo ni mtakatifu.

Halafu kulikuwa na daftari la kulisha. Lilikuwa na tarehe za siku za kulisha zimechapwa kabisa, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila tarehe kuna mstari. Ukilisha, unaandika saa, chupa za mradi gani, na unatia herufi mbili za jina lako kwa mkono wako. Mimi ndiye nililisha, mimi ndiye niliandika. Herufi zangu zilikuwa kubwa, zimesimama kama nguzo za ua. Kila mtu katika jengo lile alizijua.

Sasa sikilizeni kuhusu chunjua. Mnazijua, vile vinundu vinavyoota juu ya chuchu za ng'ombe mpaka kiwele kinafanana na koliflawa. Ng'ombe hakamuliki. Ukigusa anapiga teke, maziwa yanabaki ndani, kiwele kinavimba. Huko kwetu milimani mtu ana ng'ombe mmoja au wawili, na ng'ombe akishikwa na chunjua nyumba nzima inalala vibaya.

Vinavyoleta chunjua ni virusi, na virusi hivyo vina kiburi. Virusi vingine ukiviweka ndani ya chupa ya seli vinakula na kuzaana, unaviona, unavisoma. Hivi vinakataa. Ukivipa supu hii, vinakataa. Ukivipa seli za ngozi, vinakataa. Vinataka ngozi ya ng'ombe ikiwa juu ya ng'ombe, basi. Kwa hivyo utajuaje kila kipande chao kinafanya nini?

Hapo ndipo alikuja daktari wetu mpya kutoka Nairobi. Nilimwita Daktari Tai kwa sababu alivaa tai hata zizini, na ng'ombe mmoja aliwahi kuitafuna akiwa bado ameivaa. Kazi aliyoleta ilikuwa nzuri, nikubali. Walikata kipande kimoja tu cha vile virusi vya chunjua, yaani jeni moja, wakakipandisha juu ya virusi vingine vya kubeba. Hivyo vya kubeba vilikuwa vimedhoofishwa, havina ugonjwa wowote wa maana, lakini kuingia ndani ya seli vinajua. Mimi nilivielewa kama punda wa kwetu anayepeleka mitungi ya maziwa. Punda haulizi umempakia nini. Unampiga mgongoni, anaingia mlangoni, anashusha.

Na pamoja na mzigo wakafunga alama: jeni ya chunjua ikiamka ndani ya seli, ukimwagia seli dawa fulani zinageuka buluu. Zisipogeuka, jeni imelala. Ndiyo maana ilikuwa lazima pia kuwe na chupa nyingine zenye punda mtupu, aliyeingia bila jeni ya chunjua. Hizo hazifai kugeuka. Zikigeuka na zenyewe, basi buluu yako haitoki kwenye mzigo, inatoka kwingine. Hata mtoto wa darasa la nne anaelewa. Mimi ni shahidi.

Daktari alitaka chunjua mbichi za kukata hivyo vipande, na wafugaji walikuwa wakimfukuza. Nikapanda naye mimi. Kwa Mama Shiru, jirani yangu wa mpaka kwa mpaka, tulikaribishwa na maneno.

"Mnataka kukata chuchu ya ng'ombe wangu?"

"Kinundu tu, Mama Shiru. Hatatoka hata damu ya kujaza kijiko."

"Na mtaniletea nini?"

"Siku moja, chanjo. Wakijua ni kipande gani kinacholeta haya maneno, watatengeneza chanjo, na wataanza na ndama wa huku."

"Hiyo ni wewe unasema ama ni huyu wa tai?"

"Ni mimi."

"Sawa. Wakimchoma ndama wangu kitu cha kumuua, sitaenda Nairobi kumtafuta daktari. Nitavuka huu ua."

Nyumba kumi na tatu zilinipa chunjua kwa namna ile. Kumbukeni hilo kabla hamjaniambia nilikuwa mkaidi.

Jumatatu moja ya Januari ile nililisha chupa za mradi wote, zenye mzigo na zenye punda mtupu, nikaandika, nikapanda nyumbani. Chakula chao ni kila siku ya pili. Jumatano njia ilikuwa imefungwa.

Nilitoka alfajiri kwa miguu. Chini ya mteremko nilikuta gogo la mkaratusi katikati ya barabara, mawe, na vijana kama ishirini. Mmoja wao nilimjua tangu ananyonya. Wote waliniita shosho, yaani bibi.

"Shosho, rudi nyumbani. Leo hakuna kazi."

"Naenda kulisha."

"Kulisha nani?"

"Seli za figo la ndama."

Walitazamana. Halafu kicheko! "Wasee, huyu mathe ameruka akili! Shosho, leo hata ndama mwenyewe anajilisha!"

Niliwatukana. Niliwatukana matusi ambayo Njeri amekataa kuyaandika. Niliwaambia mama zao wangejua wangekunywa sumu ya kupe badala ya kuwazaa. Wakacheka zaidi, ila yule niliyemjua hakucheka. Alinishika kiwiko, akanipeleka kando.

"Shosho, huko chini wanachoma nyumba. Nikikuacha upite, jioni nitamwambia mama nini?"

Nilirudi. Ijumaa nikashuka tena, nikarudishwa. Jumapili nikajaribu kupitia mashambani, nikaona moshi upande wa mji, na watu wanapanda na magodoro kichwani, mwanamke mmoja amebeba mtoto mgongoni na kuku mkononi. Nikageuka bila mtu kuniambia. Mzee Harbans alikuwa amejifungia ndani mjini na mke wake, hata dirishani hachungulii. Daktari Tai alikuwa Nairobi tangu Krismasi. Katika maabara nzima alikuwako askari wa lango peke yake, na alifanya la kiume: aliwasha jenereta kila stima ilipopotea, kwa hivyo kabati la joto halikupoa. Lakini ufunguo wa chumba cha seli hakuwa nao.

Siku sita, kuanzia ile Jumatano ya chakula. Jumanne iliyofuata nilishuka juu ya lori la kabichi. Nilifungua kabati la joto nikasimama. Njano. Chupa zote njano, kila rafu, na chini seli nyingi zimeng'oka zinaelea kama ukoko uliokwanguliwa. Mtacheka, lakini niliziambia pole. Nililia kidogo, si kwa ajili yao tu. Halafu nikavaa glavu, nikamwaga ile supu ya njano, nikaweka mpya, na nikaandika mstari wa siku hiyo: saa, mradi, herufi zangu mbili. Mistari mitatu ya nyuma ikabaki kama ilivyokuwa, mitupu.

Daktari alirudi wiki iliyofuata, amekonda, tai imelegea. Sikumchukia siku hiyo. Kila mtu alirudi na lake. Akatazama chupa zilizopona, akasema tuendelee, akamwaga ile dawa ya rangi. Kesho yake nikasikia kelele chumba cha hadubini. Buluu! Zenye mzigo zimegeuka buluu! Jeni imeamka! Aliwaita watu wa ofisini, akamkumbatia hata mhasibu. Wafadhili walikuwa wanakuja mwezi ujao, na hapo kuna kitu cha kuwaonyesha: hii hapa jeni inayofanya kazi, tuitengenezee chanjo, tuanze na ndama wa Dundori.

Mimi nilikuwa chumba cha kuosha, na chupa zote mwisho wake ni kwangu. Nikashika moja ya zenye punda mtupu. Chini kulikuwa buluu. Nikashika nyingine, buluu. Nikamfuata.

"Daktari, hata zile za punda mtupu zimegeuka."

"Hizo zilikufa, Mama Chupa. Zilikufa njaa. Hatuzihesabu."

"Na hizi nyingine hazikuwa na njaa?"

Nilikuwa nishaambiwa na Mzee Harbans, zamani sana, kwamba seli iliyozeeka au iliyoteseka wakati mwingine inageuka buluu yenyewe, bila punda, bila mzigo. Daktari alilijua hilo kuliko mimi. Niliona usoni mwake kwamba analijua. Akaenda kwenye meza, akarudi na daftari la kulisha limefunguliwa, na kalamu.

"Kuna mistari mitatu hapa hujajaza."

"Sikuja siku hizo."

"Najua. Lakini wageni watalisoma. Wakiona siku sita hakuna chakula, mradi wote unaanguka. Tia tu saa na herufi zako. Ni mistari mitatu, mama."

Angeweza kuandika yeye? Asingeweza. Nairobi nzima ilijua alikuwa Nairobi. Zilitakiwa zile nguzo zangu mbili.

Nikamwambia: "Sikuzilisha, na siandiki kwamba nilizilisha."

"Wewe ulisoma hadi wapi?"

"La nne."

"Basi hii sayansi uniachie mimi."

"Nakuachia. Daftari ndilo langu."

Naona wengine wenu mnatabasamu, mnasema ni jambo dogo. Njeri ananiambia siku hizi kuna neno, mnasema "kujazia". Umeruka siku, unajazia. Umesahau kipimo cha joto la jokofu, unajazia wiki nzima Ijumaa jioni, kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, joto lile lile nne, nne, nne, kama jokofu limekufa likazikwa. Nani amewafundisha huu upuzi? Mnadhani anayesoma ni mjinga? Na mgonjwa atakayechomwa dawa ile, mmemwona uso? Mimi nilimwona. Ana pembe moja imevunjika, anakaa ng'ambo ya ua wangu, na mwenye ng'ombe huyo, Mama Shiru, ananiazima chumvi.

Mkurugenzi aliniita ofisini. Mama mzuri, sauti laini, alinipa chai na mkate. Akasema wiki ile ilikuwa ngumu kwa nchi yote, nani atanilaumu? Nikamwambia kama hakuna wa kunilaumu, basi tuandike hivyo hivyo: njia ilifungwa, hazikula. Akasema wafadhili hawaelewi mambo ya barabara zetu. Nikauliza, walioona moshi ule kwenye televisheni huko kwao hawaelewi? Sauti ikapoteza ulaini. Akasema kuna nafasi zizini, ya kuondoa samadi, na kwamba watu wa kulisha seli wanaweza kupatikana wenye vyeti. Nikanywa chai yangu yote, kwa sababu nilikuwa nimekula viazi tu, nikamwambia yale yale niliyomwambia daktari.

Sitawachezea. Zizini nilienda, na miaka yangu mitatu ya mwisho niliimalizia kwa koleo na toroli. Wageni walikuja, wakaona mistari mitatu mitupu, wakauliza, wakaagiza kazi irudiwe yote. Mradi haukufungwa kama walivyotishia. Ikarudiwa na watu wenye vyeti, mimi nikiwa na samadi, na ikatoka nini sijui. Hakuna aliyekuja kuniambia. Huenda ile jeni iliamka kweli na mimi ndiye niliyewachelewesha. Huenda ilikuwa njaa tupu. Hilo nimeliwaza juu ya toroli nikalichoka. Kalamu niliikataa kwa kuwa siku zile tatu nilikuwa nyuma ya gogo la mkaratusi, na kabati lilikuwa kule chini, na mkono wangu haufiki hapo.

Hiyo hasira ya daktari na ya mkurugenzi ningeshaimeza. Inayokwama kooni ni nyingine.

Kabla barua ya zizi haijatoka, alasiri moja nilikuwa nasuuza. Mzee Harbans akaingia, akageuza kreti, akakaa. Hakuwa amewahi kukaa chumba kile miaka yote ile. Alikuwa na daftari mkononi.

"Mama, mimi imebaki miezi minne nistaafu."

"Najua, Mzee."

"Wakifunga mradi, watu kumi na moja anaenda nyumbani. Askari wa lango pia. Yule ambaye aliwasha jenereta."

Nikaendelea kuhesabu maji. Nne. Tano.

"Iko mistari tatu tu," akasema.

Nikafunga bomba. "Mzee, ni wewe unaniambia?"

"Mimi."

"Si daktari amekutuma?"

"Amenituma. Lakini pia mimi nasema." Akaweka kalamu juu ya rafu ya kukaushia, katikati ya chupa safi, mahali ambapo yeye mwenyewe angenifokea kama ningeweka hata kidole. Kilemba chake kilikuwa kimefungwa vibaya upande mmoja. Nilikiona, nikatamani nisingekiona.

"Kama wewe ungekuwa mimi," nikamuuliza, "ungeandika?"

Alitazama pale maji yanapopotelea kwenye shimo la sakafu.

"Ningeandika," akasema.

Hapo ndipo nilikasirika kuliko siku zote za maisha yangu, kuliko kwenye gogo, kuliko ofisini. Nilikasirika mpaka mikono hii ya kukamua, isiyotetemeka, ikatetemeka, na nikaificha ndani ya aproni asiione. Nilitaka kumtukana. Matusi yote niliyowapa wale vijana yalikuwa tayari mdomoni. Nikatazama ile kalamu, nikaiinua kwa vidole viwili, nikairudisha ndani ya mfuko wa koti lake, nikaukunjua mfuko vizuri. Halafu nikamwambia yeye, aliyenifundisha kushika chupa, polepole, ili asinisikie vibaya:

"Sikuzilisha, na siandiki kwamba nilizilisha."